Paka Ndani ya Hema la Ruracio

Jumatano, 26 Novemba

Hili sijamwambia mtu yeyote: ni mimi niliyeacha mlango wa stoo wazi jana mvua ilipokuwa ikinyesha, na sikuusahau. Niliuacha makusudi. Paka mwenye mimba alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, amelowa hadi mbavu zinahesabika, akiniangalia kama mtu aliyefika ofisini na kuambiwa wote wameenda chai. Nikausukuma mlango kwa mguu, nikaenda zangu jikoni. Leo asubuhi nimemkuta ndani ya hema la Mitchell, na watoto wanne.

Ingekuwa hema lingine nisingetetemeka hivi. Anti Tabby ana mahema mengi, na viti, na vifuniko vya viti, na anavikodisha kwa harusi na matanga kuanzia hapa Ruiru hadi Thika. Lakini hema la Mitchell ni jipya, jeupe, na halijafunguliwa tangu linunuliwe. Linangoja tarehe ishirini Desemba, siku ya ruracio, watu wa Eddie watakapokuja kuleta mahari ya Mitchell, binamu yangu. Limekunjwa kwenye kona ya stoo, na Anti hulipapasa kila anapopita, jinsi watu wengine wanavyopapasa kichwa cha mtoto. Katika nyumba hii nzima paka amechagua kitu kimoja chenye thamani akazalia humo. Ninamheshimu.

Nilimaliza Form Four wiki iliyopita. Kabla sijapumzika, mama akanitoa Gatuanyaga akanituma kwa dada yake nimsaidie msimu huu wa sherehe. Msaada wenyewe ni kufua vifuniko vya viti na kuvipiga pasi. Vyote ni vyeupe, na vyote vimemwagikiwa supu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Vifuniko havikauki. Paka amekula omena niliyoiba.

Jumamosi, 29 Novemba

Kila mtu hapa ananiita mpole. Wageni wakija, Anti huniita nisalimie, kisha husema, "Huyu wa dada yangu ni mpole sana," nao hutikisa vichwa kama wanaonunua ng'ombe. Wanadhani asiyesema hana la kusema.

Basi niseme. Anti Tabby alizaliwa katika boma lile lile alimozaliwa mama, akachunga mbuzi wale wale, lakini sasa hutaja vumbi la kwao kama ugonjwa. "Ndinda, nawa miguu. Usiniletee Gatuanyaga kwa kapeti." Mvua imenyesha wiki nzima. Gatuanyaga gani hiyo iliyobaki miguuni mwangu?

Mumewe, Anko Gachau, hukaa karibu na redio. Ukimuuliza chochote husema, "Uliza mama Mitchell." Leo nimemuuliza kama amekunywa chai. "Uliza mama Mitchell."

Na Mitchell. Mitchell anapenda paka. Anawapenda sana, mradi wawe ndani ya simu. Asubuhi yote hutazama video za paka wanaovalishwa sweta, na huniita kutoka karoni, mikono yangu ikiwa na povu. "Ndinda! Kuja uone haka! Aki nakufa, ona tumacho twake!" Eddie, mchumba wake, amemnunulia kava ya simu yenye masikio ya paka, na humwita Kapaka. Humwita hivyo mbele ya watu.

Leo paka wangu alipita juu ya ukuta akielekea stoo. Mitchell aliinua macho kutoka kwa video, akapiga yowe, akavua ndara na kumrushia. "Shii! Lichafu hilo!" Kisha akarudi kwa video. Nilimwokotea ndara. Hakusema asante.

Jumanne, 2 Desemba

Nimejua jambo baya.

Musau ndiye anayesimamisha mahema na kuendesha pikapu. Ni mtu mkubwa mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake langoni. Huniita Form Four. Hajui jina langu, au analijua na haoni haja. Leo tulikuwa tukipakia viti vya matanga ya Juja, naye akasimama mlangoni mwa stoo akinusa.

"Form Four, hapa kuna harufu ya paka."

Nikatikisa kichwa.

"Mwaka jana kulikuwa na mmoja alizalia kwa viti. Mama alipiga kelele, wee! Akaniambia Musau, ondoa hizo vitu sitaki kuziona tena. Nikachukua gunia, tia, funga, peleka." Akapiga makofi mawili kufuta mikono. "Hata hawakulia."

Akacheka. Kisha akabeba nguzo mbili begani na kuondoka akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa.

Sijawahi kumchukia mtu upesi hivi.

Alhamisi, 4 Desemba

Panya wametoboa kifuniko kimoja. Anti ameleta sumu ya buluu, akaimwaga kwa vigae vya sahani katika pembe zote za stoo, kimoja karibu kabisa na hema la Mitchell. Alipoenda mkutano wa kina mama nikavikusanya kwa kijiti, nikamwaga yote chooni, kisha nikajaza vigae chengachenga za chaki ya buluu. Ni chaki ya fundi wa nguo, imesagwa. Ukitazama haraka huwezi kutofautisha, na Anti hutazama kila kitu haraka isipokuwa watu.

Paka ana rangi ya majivu na doa la chungwa juu ya jicho moja, kama nyusi iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Akinisikia hainuki tena. Anageuza sikio tu.

Ijumaa, 5 Desemba

Paka amekamata panya wawili. Ameniwekea mmoja mlangoni.

Jumatatu, 8 Desemba

Macho ya watoto yamefunguka, ila wa mwisho jicho moja bado. Wanaelekea kila mahali isipokuwa wanakotaka. Nimekaa nao hadi pasi ikaunguza kifuniko. Nimekificha chini kabisa ya rundo, atakayekikalia hataangalia.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Kila hema limetoka, hata lile lililoraruka. Limebaki la Mitchell peke yake, na stoo inaonekana kubwa kama kanisa lisilo na waumini.

Kina mama wa kanisa walikuja kunywa chai, na Anti akawasifia ile sumu. "Tangu niiweke sijaona panya hata mmoja! Na haiachi harufu." Wote wakaandika jina la sumu kwenye simu. Nilikuwa nikimimina chai. Mmoja akaniuliza, "Na wewe mpole, unasomea nini?" Kabla sijafungua mdomo Anti akanijibia, "Huyu tutaona matokeo kwanza." Wakacheka kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali.

Watu wazima hawa wanaisifu chaki.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya kanisa walipanga wasichana watakaofunikwa. Siku ya ruracio bibi harusi hufunikwa leso toka kichwani hadi chini, pamoja na wasichana wengine wa kimo chake, wakasimamishwa mstari mmoja. Bwana harusi lazima amtambue wake bila kuwagusa. Akikosea, analipa mbuzi, na watu wanamcheka hadi azeeke.

"Ndinda ana kimo cha Mitchell kabisa," akasema Anti.

Nikatikisa kichwa.

"Ni kusimama tu, mama. Utakuwa umefunikwa."

Nikatikisa tena. Mtu akifunikwa kuna wakati atafunuliwa, na hapo wote watakuwa wakimtazama. Kidato cha pili nilisimamishwa mbele ya shule nisome ratiba. Sauti haikutoka kabisa. Nilisimama na karatasi hadi mwalimu akaniondoa kwa mkono kama kiti. Siku ile niliapa kutosimama tena mbele ya watu.

"Muache," akasema Mitchell bila kuinua macho kutoka kwa simu. "Atazimia atuharibie."

Kwa mara ya kwanza nilimshukuru, na hakustahili.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua imekoma. Vifuniko vimekauka vyote. Hema litafunguliwa keshokutwa, Ijumaa, na sijui nitawapeleka wapi.

Ijumaa, 19 Desemba

Mitchell na Anti walipoenda saluni nikawahamisha. Nilichukua kiondo kikubwa cha Anti, nikatandika kifuniko kile kilichoungua, nikawatia mmoja mmoja. Paka hakunikwaruza. Alitembea nyuma yangu akinung'unika, kama mama anayefuata wahamishaji wa sofa yake. Nikakiweka kiondo chini ya kitanda changu. Nimegundua kwamba ukikibembeleza, ukakipeleka huku na huku polepole, wananyamaza na kulala. Ukiacha, wanalia.

Musau na wenzake wakafungua hema. Katikati ya kitambaa cheupe kulikuwa na alama ya duara, ya rangi ya chai. Musau akaitazama. Akanitazama. Akageuza upande ule ukawa juu, nyuma, usioonekana, akaanza kupiga mluzi. Nilidhani anaogopa kulaumiwa yeye.

Lakini jioni, jua likiwa bado liko juu ya paa, Anti alimwona paka uani. Akamtazama tumboni.

"Huyu ananyonyesha," akasema. "Musau! Huyu ana watoto humu ndani ya boma langu! Kesho watu wa Eddie wanakuja, mama yake atapita hapa na viatu vya elfu ngapi sijui, akanyage mavi ya paka?"

"Nitawatafuta, mama."

"Watafute. Gunia. Upeleke pale pa mwaka jana. Nisisikie hata mlio."

"Sawa mama."

Anko Gachau alikuwa mlangoni. Nilimtazama. Nilimtazama kweli, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikimwomba kwa macho. Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 20 Desemba

Ninaandika haya mchana bado, wageni wangali wanakula. Nimejifungia. Kiondo kiko hapa.

Asubuhi Musau alianza kupekua. Stoo, kwa kuni, banda la kuku. Gunia lilikuwa begani mwake, limekunjwa. Alipoelekea vyumba vyetu nikakitoa kiondo, nikakitundika mbele, nikatoka nacho mlango wa jikoni nikiwa nimeinua kichwa. Hakuna mtu aliyeniuliza. Siku ya ruracio kila mwanamke ana kiondo. Asiye nacho ndiye anayetazamwa. Nilitembea kati yao nikikibembeleza tumboni, na mama mmoja mgeni akanisifu nimebeba zawadi nzuri nzito.

Watu wa Eddie wakazuiwa langoni, wakaimba, wakalipishwa, wakaingia. Eddie ni mrefu, ana masikio makubwa, na hutabasamu kabla hajajua kinachochekesha. Wazee wakaingia sebuleni kuzungumza. Nilikuwa nyuma ya masufuria nikifikiria nitapita wapi hadi barabarani, paka akinizunguka miguuni na kulia, nami nikimsukuma kwa kisigino, nikimwomba anyamaze.

Ndipo Anti akanishika mkono.

"Wavinya hajafika. Msichana wa tano hayuko. Wewe, kuja."

Nikatikisa kichwa.

"Ndinda, leo usinitikisie kichwa."

"Anti, nime..." Sauti ilitoka ndogo kama ya wale wa kiondoni.

"Na hicho kiondo kaa nacho, hakuna wakati."

Nikatupiwa leso. Nyingine. Nyingine. Dunia ndani ya leso ni nyekundu na inanuka naftalini. Kupitia nyuzi niliona vivuli: hema, vichwa, maua ya plastiki. Nilikuwa wa nne kwenye mstari. Mitchell alikuwa wa tatu, kando yangu. Nilimjua kwa manukato. Na upande wa kulia, karibu na nguzo ya hema, alisimama Musau, gunia begani. Alikuwa akimtazama paka, ambaye alikuwa anapita kati ya miguu ya wageni akinitafuta.

Eddie akaanza. Watu wakapiga kelele.

"Angalia miguu, Eddie!"

"Usinuse! Kunusa ni faini!"

"Huyo wa kwanza ni shangazi, utaoa shangazi!"

Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Akasimama mbele ya Mitchell, akakaa hapo. Niliona viatu vyake vikigeuka vidole ndani, kama vya mtu anayekaribia kuwa na uhakika. Nikamsikia akivuta pumzi aseme.

Ndani ya kiondo mmoja akalia.

Akalia na wa pili. Paka akaja kutoka upande wa jukwaa kama jiwe lililorushwa, akapita katikati ya wazee wa Eddie, akaketi miguuni pangu, akainua uso na kulia kwa sauti ambayo hata kipaza sauti kiliichukua.

Vichwa vyote vikatugeukia. Kisha Eddie akacheka.

"Mitch! Hata hapa umeleta paka!" Akapiga hatua moja kando, akanyoosha kidole mbele ya uso wangu. "Huyu! Nani mwingine? Huyu ndiye Kapaka wangu!"

Wakanifunua.

Sijui niandike vipi. Jua. Nyuso. Nywele zangu zimelala upande mmoja, nami nimekumbatia kiondo, na kichwa cha mtoto wa paka mwenye jicho la kuchelewa kikichungulia. Kicheko kilianza upande wa kina mama kikaenda hadi nyuma kikarudi. "Mbuzi! Mbuzi! Amekosa bibi!" Nyanya yake Eddie alikuwa akifuta machozi kwa kona ya leso. "Ameoa paka! Eddie ameoa paka na watoto tayari!" Aibu ilimpanda Eddie hadi masikioni, na masikio yale si madogo.

Anti Tabby alikuja. Sijawahi kuona mtu akitabasamu kwa meno tu. "Ndinda," akasema chini ya meno, "hiyo ni nini?" Nyuma yake Musau aliteremsha gunia begani.

Ndipo Mitchell akajifunua mwenyewe, jambo ambalo haliruhusiwi. Alimtazama Eddie, na watu, na kiondo. Niliona akihesabu kichwani.

"Ni wangu!" akasema, akapiga makofi. "Eddie, nilikuwa nakufanyia sapraizi! Ndinda alikuwa ananibebea tu. Aki umeharibu!" Akatumbukiza mkono ndani ya kiondo, mkono wenye kucha za jana za saluni, akamtoa mmoja, akamshikilia mbali na gauni kama nepi. "Ona kalivyo kazuri!"

"Wanapenda wanyama hapa," akasema mama yake Eddie kwa mwenzake. "Ni nyumba nzuri."

"Sana," akasema Anti. "Sisi tunapenda wanyama sana."

Waongo. Kila mmoja wao, mbele ya mchungaji. Na nilipokuwa nikiwadharau, nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote hao na sikuwa nimezimia.

Jumapili, 21 Desemba

Anti hanisemeshi. Huongea na kuta. "Wengine wakiletwa mjini wanaleta zizi."

Nilikuwa nikiosha sufuria za jana, Mitchell akaingia, akachukua kitambaa na kuanza kufuta. Hajawahi.

"Husemi asante," akasema.

"Ya nini?"

"Nimekuokoa, wewe. Unajua mama angekufanya nini?"

"Ulijiokoa wewe. Ulitaka Eddie aone unapenda paka."

Lilikuwa neno refu zaidi nililowahi kumwambia. Akaweka sufuria chini.

"Ndio, nilitaka. Kwani ni vibaya? Ningesemaje, mbele ya watu wake, kwamba naogopa? Naogopa paka, Ndinda. Tangu nikiwa mdogo mmoja aliniruka usoni. Kwa simu hawawezi kuniruka." Akaendelea kufuta. "Na wewe acha kutuangalia hivyo."

"Vipi?"

"Hivyo. Kama tunanuka. Tangu ufike. Unadhani hatuoni? Mama husema ni upole ili wageni wasiseme huna adabu."

Aliondoka. Nikabaki na sufuria. Nilitafuta la kumdharau na nikalipata, kwa sababu alikuwa amefuta sufuria chafu bila kuiosha. Lakini ilinichukua muda.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nyama ya mbuzi wa Eddie. Paka amepata mfupa, Anti amejifanya haoni.

Jumamosi, 27 Desemba

Eddie amekuja kuchagua mtoto mmoja wa paka, atakayeishi naye na Mitchell. Rafiki zake sasa wanamwita Baba Paka. Amemchagua yule wa jicho la kuchelewa. Mitchell alitabasamu akiwa nyuma ya kiti.

Anti ametangaza: huyo mmoja akae hadi harusi. Mama na watatu waondoke kabla ya mwaka mpya. "Musau anajua pa kuwapeleka."

Jumatatu, 29 Desemba

Nilipanda pikapu kabla Musau hajaiwasha. Nilikaa mbele, kiondo mapajani.

"Form Four, unaenda wapi?"

"Na wewe."

"Na gunia?"

"Hatutaki gunia."

Akanitazama, akawasha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumamosi. Nilikuwa nimeamua nitamwita muuaji, mbele ya uso wake, na nitashuka na paka popote tutakapofika, hata kama ni kwa mguu hadi Gatuanyaga. Tulipita mashamba, na nyumba mpya zisizo na madirisha, tukaingia Murera. Hakukuwa na mto wala shimo. Akasimama mbele ya kibanda cha mabati chenye ngurumo ya mashine ya posho, watu wamepanga foleni na magunia ya mahindi.

Juu ya ukuta wa kibanda walilala paka. Mmoja juu ya mizani. Wawili kwenye gunia tupu. Wote walikuwa weupe kwa unga, hata sharubu, kama wazee. Mmoja alifungua macho, akanitazama, akafunga.

"Hao wawili ni wa mwaka jana," akasema Musau. "Yule ni mama yao. Shemeji yangu Kyengo ndiye mwenye mashine. Panya walikuwa wanammaliza."

Nikawahesabu tena wale paka.

"Ulidhani nini? Kwani nilikuwa nawatupa?"

"Ulisema gunia. Ulisema hata hawakulia."

"Si walikuwa wamelala! Na gunia ni ya kubebea. Mimi mwanaume mzima nibebe paka na kiondo?" Akacheka kile kicheko, watu wa foleni wakageuka, wakacheka naye bila kujua kwa nini.

"Mbona hukumwambia Anti?"

"Mama haulizi. Mama anataka tu wasionekane. Na wewe hukuuliza." Akafungua mlango. "Hata lile doa la hema nililiona. Nikasema, Form Four ana siri, acha akae nayo. Shuka basi, Ndinda, tuwapeleke ndani."

Kumbe jina langu analijua.

Jumamosi, 3 Januari

Leo narudi Gatuanyaga kungoja matokeo, na haya nayaandika langoni nikisubiri gari. Anti amenipa leso, ile nyekundu, na amesema nikirudi Aprili kwa harusi nitafanya kazi ya viti, si ya pasi. Anko Gachau amenisindikiza hadi langoni akiwa na mfuko wangu, akasema, "Yule paka alikuwa mzuri." Nikangoja aseme niulize mama Mitchell. Hakusema.

Bado nawadharau. Anti kwa kapeti yake, Eddie kwa kutabasamu kwake. Lakini sasa kuna mtu mwingine kwenye orodha hiyo, na yuko juu kabisa. Alikuwa na mdomo mzima, akakaa mwezi mzima katika nyumba hii bila kuuliza swali moja ambalo lingejibiwa kwa neno moja: wapi.

Kwa hiyo jambo la mwisho, na hili nalo ni lako peke yako, daftari. Eddie hakukosea. Alisimama mbele ya Mitchell, alikuwa amemjua, alikuwa amevuta pumzi aseme. Mimi niliona gunia la Musau kupitia nyuzi za leso. Nikajua kwamba nikifunuliwa pamoja na wale wasiochaguliwa nitatumwa masufuria, na kiondo kitachukuliwa, basi. Lakini anayefunuliwa amechaguliwa, wote wanamtazama, na hakuna anayeweza kutia kitu kwenye gunia mbele ya macho ya wakwe. Sikusema, sikugusa, sikupiga mluzi. Niliacha tu kukibembeleza kiondo.

Yeye akalipa mbuzi. Ataitwa Baba Paka hadi azeeke, na Mitchell atalala nyumba moja na kitu anachokiogopa, kwa ajili ya paka ambao hakuna aliyekuwa anataka kuwaua. Mtoto wao akizaliwa watamsimulia jinsi baba alivyokosea, na watu watacheka, nami nitakuwa nimeketi pale nikimimina chai, mpole.

Tafadhali usimwambie Eddie. Wala Musau, maana atacheka, na foleni yote itageuka.